Tung'oe Miti ya Pamba, Tusililaani Shamba

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alikuja kwa hiari yake kukiri kwamba takwimu za utafiti wake zilikuwa na kasoro. Badala ya kumshukuru, nilimkaripia mbele ya wenzake. Kwa wiki tatu hakuonekana darasani.

Nilijiuliza hasira ile ilitoka wapi. Jibu halikunipendeza. Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamivu, sura moja ilirudishwa mara nne. Nilificha aibu hiyo. Kila nilipompigia baba simu Bariadi, nilimwambia mambo ni mazuri. Nilijifunza kumchukia yule ndani yangu anayekosea, na siku ile nilimwona ameketi mbele yangu katika sura ya binti wa watu.

Likizo ilinikuta nyumbani baada ya msimu wa pamba. Wakulima wa Simiyu wanaijua kanuni: mavuno yakiisha, miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Nilimuuliza baba amevuna kiasi gani.

"Kidogo. Nilichelewa palizi," alisema, kisha akainama kung'oa mti mwingine. Hakujitetea, wala hakujilaani. Kosa alilitaja kwa jina lake, na shamba aliendelea kulihudumia.

Taifa letu nalo liliwahi kupata kiongozi wa namna hiyo. Mwaka 1972 serikali ilifuta serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vile ambavyo wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na kina Paul Bomani, walivijenga tangu miaka ya 1950 ili kujinasua na mizani ya wanunuzi. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba hatua hizo mbili zilikuwa makosa ambayo asingeyarudia. Kufikia wakati huo, sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kufungua njia ya kuvirejesha vyombo hivyo. Mwalimu hakuhitaji kujidharau ili kukiri.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi wa umma akijihurumia, mafaili yatalala mezani. Naona kinyume chake. Mafaili hufichwa na mtu anayeamini kwamba kosa moja likionekana, utu wake wote umekwisha. Mtu huyo hupika taarifa, humsingizia karani, na hummaliza kijana anayethubutu kusema kweli. Anayejikubali pamoja na upungufu wake hana sababu ya kuficha, na kwa hiyo ndiye anayeweza kuwajibishwa. Huruma kwa nafsi haifuti deni. Humpa mdaiwa nguvu ya kulilipa.

Nanyi wanaharakati, mnaodai viongozi wakiri makosa yao, jiulizeni kama katika vikao vyenu mwenye kukiri hubaki na kiti.

Niliporudi chuoni nilimtafuta yule binti, nikamwomba radhi palepale nilipomwaibisha, mbele ya walewale. Nikawasimulia habari ya sura yangu iliyorudishwa mara nne. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nimekusamehe, mwalimu." Kisha akafungua daftari lake, tukaanza kulitafuta kosa pamoja.