Haraka Yetu na Subira Yao

Hakuna mahali ambapo dini za watu hugongana kwa uchungu kama penye maiti. Penye harusi watu hucheka na kusameheana, lakini penye mauti kila mmoja hushika la kwao. Nayasema haya kwa kuwa yametufika nyumbani kwetu.

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alizaliwa Isukha, karibu na mji wa Kakamega. Alisilimu kabla ya nikaha, akaishi nasi Mombasa kwa miaka mingi hata akawa mmoja wetu. Alipofariki alfajiri moja, tulifanya yote yapasayo. Alikoshwa, akavishwa sanda, akasaliwa, na baada ya sala ya alasiri tukamzika. Wazazi wake walipigiwa simu asubuhi ile, nao wakapanda basi. Toka Kakamega hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Walipofika kesho yake, walioneshwa tuta la mchanga.

Mama yake hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza: "Mlikuwa na haraka ya nini na mwanangu?"

Kwa mwaka mzima wakwe hawakukanyaga tena kwetu. Barazani watu wetu walisema: "Wale huweka maiti kwenye barafu wiki nzima, hawana huruma." Na huko Isukha, kama nilivyokuja kuambiwa, ilisemwa kwamba Waislamu humtupa mtu kama asiye na kwao. Kila upande uliona ukatili pale ambapo mwenzake aliona heshima.

Hatimaye kaka yangu aliniomba niende Kakamega nikatake radhi. Nilifuatana na rafiki yangu, Mwislamu mzaliwa wa Mumias, mji ulio upande wa magharibi wa Kakamega. Wengi wetu wa pwani tunasahau kwamba Uislamu si mgeni katika nchi ile. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa ikitua Mumias tangu karne ya kumi na tisa, na jamaa za Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga aliyefariki mwaka 1949, waliingia katika dini. Wajukuu zao ni Waluhya na ni Waislamu, wala hawaoni kwamba moja linalikataa la pili.

Mzee tuliyemwendea ni wa kanisa la Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka. Kanisa hilo lililetwa na Wamarekani watatu waliofika Kaimosi, kusini ya Kakamega, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Mimi nilidhani Wakristo wote ni namna moja. Nikamwuliza mtoto wao hubatizwa akiwa na umri gani. Akacheka, akaniambia kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawana desturi ya mkate na divai. Pombe na tumbaku walikatazwa tangu mwanzo, na kuapa hawaapi, kwani kwao neno la mtu mkweli latosha. Naye akaniuliza kama ni kweli kwamba sisi humwabudu Muhammad. Nikamweleza kwamba kumwabudu Mtume kwetu ni kukufuru. Tulikuwa tumeoleana miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake swali la kwanza.

Ndipo tukaingia katika jambo lililotupeleka. Nilimwambia kwamba Mtume alituagiza kuharakisha maiti kaburini, maana aliye mwema hupelekwa kwenye kheri yake, na kumweka bila sababu si kumtendea wema. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kwao mtu hazikwi mpaka watoto walio mbali wafike, na ndugu na majirani wasimame mbele ya watu wamshuhudie. Kumzika kabla ya hapo ni kusema hakuwa na watu. Siku chache baada ya maziko ukoo hukutana tena, watu hunyolewa nywele, na anayemdai marehemu husema deni lake. Nikashangaa, maana nasi jenazani walii husimama akawaambia watu kwamba mwenye haki yake kwa marehemu aje kwa warithi. Huko na huku mtu hatakiwi kuondoka na deni la watu.

Nilipomaliza, mama mkwe alisema: "Nimeelewa, mwanangu. Lakini uso wake sikuuona." Sikuwa na jibu. Kuelewa kulitupatanisha, lakini hakukumrudishia alichokosa.

Wapo waungwana wanaopenda kusema kwamba dini zote ni moja. Maneno hayo ni matamu, lakini si ya kweli, na hayamheshimu mtu yeyote. Sisi twaamini kwamba Isa bin Maryamu alizaliwa na bikira na ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, wala si mwana wa Mungu, wala hakusulubiwa. Mzee yule anaamini kwamba alisulubiwa na akafufuka, na juu ya hilo imesimama imani yake yote. Tofauti hiyo haizibwi kwa chai na tabasamu. Wala mimi sikwenda kumwomba aiache yake, naye hakuniomba niiache yangu.

Lakini upo ujinga wa pili, nao ndio mwingi barazani kwetu: kumwita mtu kafiri kisha ukadhani umekwisha mjua. Qurani imewaita Watu wa Kitabu, na ikawahalalishia wanaume wetu kuoa kwao. Suratul Hujurat nayo inatueleza kwamba tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Basi vipi tukubali kuoa binti wa watu, tukatae kujua wazazi wake huliaje?

Rafiki yangu wa Mumias alinieleza kwamba katika familia zao, ambamo ndugu mmoja huwa Mwislamu na mwingine Mkristo, jambo hili hujulikana mapema. Likitokea la kutokea, ndugu Wakristo hawangoji kesho, kwa kuwa wanajua maziko ni leo.

Nasi tufanye hivyo. Siku ya nikaha, mahari yakishasemwa, wazee wawaeleze wakwe wa bara maziko yetu huwaje, nao watueleze yao. Mgonjwa akizidiwa, wazazi waitwe angali hai, nauli ichangwe kama tunavyochanga sanda. Na kama yafaa kungoja saa chache ili mama afike, masheikh waulizwe kabla ya msiba, si wakati watu wameshika majembe.

Kaka yangu ana binti wawili wa marehemu yule. Siku hizi huenda Isukha kila likizo, na bibi yao huwatandikia mahali pa kusalia. Yeye mwenyewe bado husali kwa namna yake. Kaburi la mwanawe amelizuru mara moja, na aliposimama pale nilimwacha peke yake, kwa muda wote alioutaka.