CCNA: tusome mfumo upi wa swichi?

Bumu likitoka tu, ubishi unarudi ule ule hosteli: anayejiandaa na CCNA asome mfumo gani wa swichi? Mmoja anasema IOS, mwingine Huawei, wa tatu anakuja na desa la CatOS alilorithi kwa kaka zake. Leo natoa msimamo wangu: kama cheti unachotaka ni CCNA, piga msuli wa IOS peke yake mpaka ikae mkononi, nyingine baadaye.

Kwanza, desa za CatOS tuzipumzishe. Huo ulikuwa mfumo wa swichi kama Catalyst 5000 za miaka ya 1990. Humo ukitaka kuiweka poti kwenye VLAN 10 unaandika "set vlan 10 3/5". Kwenye IOS unaingia kwanza kwenye poti yenyewe, halafu unaandika "switchport access vlan 10". Mtihani wa 200-301, ulioanza tarehe 24 Februari 2020, hauna habari na CatOS kabisa. Kukariri ya nini?

Pili, msitishwe na jina IOS XE. Ndo mfumo wa Catalyst 9000 zilizotoka 2017, na ndani umejengwa juu ya Linux, lakini amri za VLAN, trunk na STP unazohitaji CCNA ni karibu zile zile. Kwa hiyo swichi ya 2960 iliyomo kwenye Packet Tracer, programu ya bure, inatosha mazoezi ya swichi. NX-OS ni ya swichi za Nexus za vituo vya data, tuwaachie wanaoelekea huko.

Huawei je? Hapa ndo penye ubishi wenyewe. Ni kweli mitambo yao imejaa kwenye makampuni ya simu Afrika, na HCIA-Datacom ni cheti cha maana. Anayekitaka aanze na VRP yao, sina ugomvi naye. Tatizo ni kusoma vyote kwa mpigo. Cisco wanaandika "show", Huawei "display". Cisco kufuta ni "no", Huawei ni "undo". Ukichanganya, vidole vinagombana wakati mtihani una dakika 120 tu. Chagua cheti kwanza, mfumo utajichagua wenyewe.

Mbona nakazania hivi? Ada ya CCNA ni dola 300 kabla ya kodi, na ukifeli unalipa upya yote. Kwetu Songambele, kule Kyerwa, hiyo ni hela ya kahawa. Mzee amepalilia, amevuna, ameanika, ndo akatuma. Siwezi kwenda kuibahatisha na desa la mfumo usioulizwa.

Na kuna faida nyingine. Ukielewa vizuri kwa nini kitanzi kati ya swichi kinaua mtandao mzima, na STP inakizuiaje, hilo haliulizi chapa ya swichi. Siku ukikutana na Huawei kazini, unajifunza amri mpya tu, akili ni ile ile.

Haya, mwenye hoja ya kunipinga aje nayo jioni, ila aje na laptop yenye Packet Tracer. Msuli mwema!