Mgongano wa Ustaarabu Mbele ya Ushahidi wa Kagera

Mwaka 1993 Samuel Huntington, mwalimu wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alidai katika jarida la Foreign Affairs kwamba ugomvi mkubwa wa siku zijazo hautatokana na itikadi wala mali, bali na mgongano wa ustaarabu mmoja na mwingine. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 dai hili likafanywa ufunguo wa kila kitendo cha ugaidi, na hata leo wapo wanafunzi wa Afrika Mashariki walikaririo kama jedwali la kuzidisha. Katika hesabu yake ya ustaarabu wa dunia, ule wa Afrika aliuweka mwisho, na mbele ya jina lake akatia neno labda. Nadharia isiyo na hakika kama Afrika ina ustaarabu haina budi kupimwa Afrika kabla ya kufundishwa humo.

Basi na ipimwe Mugoma. Hii ni kata ya wilaya ya Ngara, pembeni mwa Tanzania, katika nchi inayopakana na Burundi na Rwanda. Mhangaza akisema lugha yake, Mrundi amfahamu bila mkalimani, na Mnyarwanda hapati taabu kubwa. Makanisa ni yale yale, migomba ni ile ile. Ikiwa ugomvi mkubwa huzaliwa na tofauti za utamaduni, pembe hii ilistahili kuwa ya mwisho duniani kumwaga damu.

Walakini, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na chini yao mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komyuni ya Rusumo, alikamatwa Kigoma mwaka 2001, na mahakama ya Arusha ikamtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya parokia ya Nyarubuye. Huko Wakatoliki waliwaua Wakatoliki ndani ya kanisa Katoliki, na muuaji na muuawa walisali kwa lugha moja.

Huntington alijua habari hizi alipochapa kitabu chake mwaka 1996. Alizipita kwa sentensi moja: ni ugomvi wa makabila, ambao madhara yake yafika Uganda, Zaire na Burundi, si mbali zaidi. Tanzania hakuitaja. Robo milioni ya watu kwa siku moja, na Ngara haimo hata katika orodha ya majirani!

Atatokea msomi aseme kwamba mauaji ya kimbari si ugaidi. Ni kweli, na sheria yafanya vyema kuyatenga. Na aje basi Dar es Salaam, ambako tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 11, na hapana Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, siku ile ile, walikufa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Waliotega walisema wapigana na Magharibi. Wengi wa waliozikwa walikuwa Waafrika, Waislamu kwa Wakristo.

Lililo baya zaidi ni kwamba nadharia za namna hii hazikai vitabuni. Mwaka 1861 John Hanning Speke alikuwa mgeni wa mfalme Rumanika huko Karagwe, jirani wa Ngara. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika kwamba watawala wa nchi hizi ni watu wa asili nyingine, waliotoka Uhabeshi. Kisafari wa Kiingereza alikuwa akikisia tu. Wamisionari waliliamini kisio lake, na Wabelgiji, katika miaka ya 1930, wakaliandika katika vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera aliwahutubia watu wa Kabaya, Rwanda, akasema kwamba Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera. Miezi kumi na saba baadaye wavuvi wa Ziwa Viktoria waliona walichorudishiwa.

Majaji wa Arusha, katika hukumu ya Akayesu ya mwaka 1998, walipata kazi kubwa kueleza Mtutsi na Mhutu watengwe kwa lipi, maana lugha ni moja na utamaduni ni mmoja. Kitambulisho kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyategemea.

Na Mugoma haijaachwa salama na fikra hizi. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 mkoa wa Kagera ulisakwa wahamiaji haramu, na kati ya waliofukuzwa walikuwamo watu waliolima humo kwa miongo mingi, wenye wake, watoto na makaburi ya wazee wao. Mahali ambapo lugha ya mwenyeji na ya jirani ni moja, askari aliyefundishwa kwamba adui hutambulikana kwa utamaduni wake atamsikiliza mkulima akisalimu, kisha amdai cheti.