Sherehe Isiyo na Kumbukumbu ni Ngoma Tupu

Katika mji wa Landshut, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kila baada ya miaka minne wakazi zaidi ya 2,000 huvaa mavazi ya karne ya 15 na kupita mitaani kwa farasi na tarumbeta. Huadhimisha arusi ya mwaka 1475, pale Georg, mwana wa mtawala wa eneo hilo, alipomwoa Hedwig, binti wa mfalme wa Polandi. Wanaume wengi huacha nywele zao zikue kwa miezi mingi kabla ya sherehe, ili wafanane na watu wa zama zile.

Maadhimisho hayo yalianza mwaka 1903, na mwaka huo unastahili kutazamwa kwa makini na kila mwalimu wa Tanzania. Wakati raia wa Landshut walipokuwa wakifufua fahari ya mababu zao, dola ya Kijerumani ilikuwa ikiitawala nchi hii kwa kiboko na kodi ya nyumba. Dola iliyojivunia historia yake nyumbani ilimfanya Mwafrika aonekane mtu asiye na historia. Kasumba hiyo haikuondoka siku bendera ya mkoloni iliposhushwa. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, alieleza kuwa utamaduni ndio kiini na roho ya taifa.

Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, iko mbali na Landshut, lakini swali ni lile lile: nini kikumbukwe, na kikumbukwe namna gani? Wazee wa Unyaturu wanasimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye nyuki, kwa mujibu wa masimulizi, walikuwa silaha yake. Leo jina la Liti limo katika uwanja wa mpira wa mjini Singida, nao mashabiki hulitaja kila mechi inapochezwa huko. Ni heshima inayostahili. Hata hivyo, jina lililoandikwa ukutani bila maelezo darasani huishia kuwa jina la uwanja tu.

Songea inatoa mfano. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji. Watu wa Songea hawakuiacha siku hiyo ipotee. Kaburi linajulikana, makumbusho yapo, na kila Februari mashujaa hao hukumbukwa. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokuja kuomba radhi Novemba 2023, alisimama mahali ambapo wenyeji walikuwa wamekwisha kupahifadhi. Mwenye deni humwendea anayekumbuka.

Hapa ndipo viongozi wa wilaya na vijiji wanapopaswa kujihadhari. Ipo tabia ya kudhani kwamba utamaduni ni kualika mgeni rasmi, kusimamisha turubai, kuwachezesha akina mama ngoma juani na kusoma risala. Jioni turubai hufungwa, na mtoto aliyekuwapo hurudi nyumbani bila kujua alichokumbuka. Sherehe ya namna hiyo hutumia fedha za wananchi bila kuwaachia kitu. Landshut inasifiwa kwa sababu uchunguzi hutangulia tarumbeta.

Landshut ilikuwa na waandishi wake. Hata Kilwa ilibahatika, kwani Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na habari zake zikaandikwa. Nyaraka nyingi za Sepuka zimo vichwani mwa wazee, na kila mazishi hufunga kabati moja lisiloweza kufunguliwa tena. Waliosikia habari za utawala wa Wajerumani kutoka vinywani mwa wazazi walioishi wakati huo wamebaki wachache sana.

Kazi hii haingoji fungu la fedha kutoka makao makuu. Inahitaji daftari, kalamu, na siku hizi hata simu ya kurekodia sauti. Walimu wa Sepuka wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao, wakaandika majina ya mahali, miaka ya njaa, nyimbo za kazi, kilimo cha mtama na uwele, na ufugaji wa nyuki. Masimulizi yanayopingana yaandikwe yote, bila kutiwa chumvi ili kumpendeza mkubwa yeyote. Maofisa wa utamaduni wahakikishe madaftari hayo yanatunzwa na nakala zake zinasomwa shuleni.

Hayo yakikamilika, ngoma ipigwe na wageni waalikwe. Wakati huo Sepuka itakuwa na jambo la kuwaonyesha, na mtoto atakayecheza ataweza kueleza anamchezea nani.