Msione Aibu Kuleta Choo

Sisi wauguzi hushangaa. Mgonjwa wa tumbo yuko tayari kuuza mbuzi ili apigwe picha ya ultrasaundi, lakini akipewa kikopo cha kuwekea choo huona aibu, akaenda zake. Sisi twasema kikopo kitangulie.

Huku kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo tumekizoea mno. Mayai ya minyoo yake hunasa ndani ya ini na kuacha makovu. Picha huonyesha makovu hayo yakishakomaa, na bandama kubwa. Wengine hufika kwetu wakitapika damu. Choo kikitazamwa kwa hadubini huweza kuonyesha mayai mapema, wakati vidonge vya prazikwanteli vingali na faida kubwa. Ila mayai hayaonekani kila siku, basi msichoke tukiomba choo mara ya pili, hata ya tatu. Akina baba wavuvi, nanyi pia!

Macho yakiwa ya manjano tutahitaji damu, tupime homa ya ini aina ya B na C.

Choo kiwe kibichi, kisichanganyike na mkojo. Kijiko kidogo chatosha. Kopo zima la nini?