Ruzuku za Balozi: Sisi Tunatoa Nini?

Balozi za nchi za nje zilizoko Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa miradi ya utamaduni na elimu. Mfuko wa Marekani wa kuhifadhi urithi wa utamaduni ulianzishwa mwaka 2001. Ruzuku ndogondogo za Japani kwa miradi ya wananchi, zikiwamo ujenzi wa madarasa na mabweni, zilianza mwaka 1989. Walimu wa Bariadi, Maswa na Meatu huuliza namna ya kuzipata. Swali lao ni la haki. Lakini liko jingine linalopaswa kulitangulia: katika mabadilishano hayo sisi tunatoa nini, na ni kipi kitakachobaki shuleni baada ya wageni kuondoka?

Aghalabu tunatoa ngoma. Wanafunzi hucheza, wageni hupiga picha, kisha hupanda ndege. Sibishi kwamba mashindano ya Wagika na Wagalu ni fahari ya Usukuma. Hata hivyo, nchi hiyo ina elimu isiyochezwa uwanjani. Chama cha Bayeye, kwa mfano, kimeshughulika na nyoka na dawa za sumu yao kwa vizazi vingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ujuzi wa wazee hao ulistahili kuandikwa, na dawa zao kupimwa katika maabara. Badala yake tunauonyesha kama kiinimacho.

Mfano wa mabadilishano ya kweli tunao karibu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norwei hadi mwaka 2004. Wakati huo wilaya nyingi ambazo leo ni za Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, zilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walikazania vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Wananchi walikuwa na njia yao, ngitili: eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua na visiki vikachipua, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Wataalamu walipokubali kujifunza, mambo yalibadilika. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilifikia zaidi ya hekta 300,000. Fedha zilitoka Ulaya, lakini maarifa yalitoka kwa wafugaji. (Nilisoma shahada yangu ng'ambo kwa fedha za wengine, na sikumbuki kufundishwa jambo hilo huko.)

Sasa tutazame nyimbo. Mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani, Frank Gunderson, alichapisha huko Leiden kitabu chenye nyimbo 335 za kazi za Wasukuma. Ni kazi kubwa, na mwaka 2019 mtaalamu huyo huyo alishiriki kuhariri kitabu kuhusu kurejesha muziki kwa wenyewe. Lakini maelezo ya kitabu cha nyimbo ni ya Kiingereza, na bei ya vitabu vya aina hiyo haiwezwi na maktaba ya shule. Mjukuu wa mwimbaji atausomea wapi wimbo wa babu yake?

Kwa hiyo mwalimu anayekusudia kuandika andiko la mradi asianze na sare za ngoma. Akae na mwalimu wa biolojia, mwalimu wa Kiingereza na wazee wawili watatu. Wa Kiingereza ni wa lazima, kwa kuwa ubalozi wa Marekani hutaka nyaraka zote kwa lugha hiyo na hesabu kwa dola, sharti ambalo kwa maoni yangu huwapendelea watu wa mijini. Asitegemee pia kwamba fedha zitakuja kila mwaka: mwaka 2025 Marekani yenyewe ililifunga shirika lake la misaada, na miradi mingi ikasimama katikati.

Na katika hesabu hiyo liwepo fungu la nakala. Kila wimbo utakaorekodiwa na kila mmea utakaoandikwa jina uwe na nakala tatu kwa Kisukuma na Kiswahili: moja katika maktaba ya shule, ya pili katika makumbusho ya Bujora, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Padre David Clement kutoka Kanada, na ya tatu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipo karatasi za Hans Cory. Mgeni naye apewe yake ya nne.