Bajeti ya Serikali na Mkoa Uliokua Maradufu: Safari ya Shilingi ya Katavi

Kila mwezi Juni, Waziri mwenye dhamana ya fedha anaposimama bungeni jijini Dodoma kusoma hotuba ya bajeti, wananchi wengi husikiliza jambo moja: kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Swali hilo ni la haki, lakini bajeti ni zaidi ya bei ya mafuta na vinywaji. Kwa mkazi wa Manispaa ya Mpanda, au wa kijiji kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika, bajeti ndiyo huamua kama zahanati itapata mganga, kama darasa litaezekwa kabla ya masika na kama barabara ya kupeleka mazao sokoni itapitika.

Kwa Mkoa wa Katavi suala hili lina uzito wa pekee. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ndani ya miaka 10 idadi imezidi maradufu, kwa wastani wa ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa Taifa ni asilimia 3.2. Shule iliyotosha watoto wa mwaka 2012 haiwezi kuwatosha wa leo. Hapo ndipo elimu ya fedha za umma inapoacha kuwa jambo la wataalamu peke yao.

Bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Msingi wake umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 135 inaweka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, Ibara ya 137 inataka makadirio yawasilishwe bungeni, na Ibara ya 138 inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Bunge likikataa kuipitisha bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Uzito huo wa kikatiba unaonesha kuwa bajeti ni mkataba kati ya anayelipa kodi na anayekabidhiwa kuitumia.

Kwa mwaka wa fedha 2024/25 bajeti ya Serikali ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na kati ya hizo mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa shilingi trilioni 34.61, sawa na asilimia 70.1. Kwa mwaka 2025/26 bajeti ilipanda hadi shilingi trilioni 56.49. Sehemu inayobaki baada ya mapato ya ndani hutokana na mikopo na misaada.

Mapato hayo yanakusanywa pia mjini Mpanda. Mwananchi anaponunua bidhaa inayotozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani na kudai risiti, anahakikisha kodi aliyoilipa inafika Hazina badala ya kubaki mfukoni mwa muuzaji. Dereva wa bodaboda anapojaza petroli, ndani ya bei ya kila lita imo shilingi 100 iliyoongezwa kuanzia Julai 2021 kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Anayelalamikia ubovu wa barabara ya mtaani kwake amekwisha kuichangia, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza.

Chanzo cha pili kipo karibu zaidi. Katavi ina halmashauri 5: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Kila moja hukusanya mapato yake chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kupitia leseni, ushuru wa masoko na ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa kiwango hicho, tumbaku yenye thamani ya shilingi milioni 10 huipatia halmashauri shilingi 300,000. Unafuu kwa mkulima na mnunuzi ulikuwa mkubwa, lakini kwa halmashauri zinazotegemea kilimo ulimaanisha kuwa kila gunia linalopita bila kupimwa ni pengo katika mpango wa mwaka.

Sheria hiyo inaelekeza pia kuwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, baada ya kuondoa mapato lindwa, itengwe kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Makusanyo yakishuka, mikopo nayo inashuka. Kikundi kisichorejesha kwa wakati kinakizuia kikundi kingine kupata.

Upangaji wa fedha hizo huanzia chini. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha mapendekezo hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Baadaye huunganishwa na Sekretarieti ya Mkoa, na hatimaye bajeti ya mkoa husomeka katika vitabu vya Bunge kama Fungu 36. Hoja ambayo haikutajwa katika mkutano wa kijiji ni vigumu kuibuka yenyewe Dodoma.

Wilaya ya Tanganyika inatoa somo la karibu. Vijiji 8 vinavyozunguka misitu ya milima ya Ntakata vinapata fedha kutokana na biashara ya hewa ukaa kwa kuitunza misitu yao. Fedha hizo zimesaidia ujenzi wa miundombinu ya elimu na afya. Katika vijiji hivyo bajeti inaonekana kwa macho, kwa kuwa wanakijiji wanaijua rasilimali iliyoleta fedha na wanaliona jengo lililotokana nazo. Mti ukikatwa kiholela, wanafahamu ni mapato yapi yanapotea.

Ipo miradi ambayo halmashauri haiwezi kuibeba. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo wa aina hiyo si sadaka, hulipwa na bajeti za miaka ijayo. Faida yake hupimwa kwa mazao yanayosafirishwa, muda unaookolewa na biashara zinazofunguka, ambazo nazo huzalisha kodi ya kuulipa.

Hata hivyo, kupitishwa kwa bajeti si sawa na kupokelewa kwa fedha. Makadirio hutimia pale makusanyo yanapotimia, na mapato yakipungua baadhi ya miradi husubiri. Vilevile, jengo jipya huzaa matumizi ya kawaida ya kila mwaka: mishahara, dawa, umeme na ukarabati. Mkoa unaokua kwa kasi ya Katavi unahitaji yote mawili kwa pamoja, kwani zahanati isiyo na mhudumu ni ukuta mtupu. Takwimu za watu nazo zina thamani ya fedha, kwa mfano ruzuku ya uendeshaji wa shule hutolewa kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi. Mtoto asiyeandikishwa shule, au kitongoji kipya kisichotambuliwa katika rejesta ya kijiji, ni hitaji lisiloonekana katika hesabu.

Safari ya shilingi huhitimishwa na ukaguzi. Chini ya Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu na kuwasilisha taarifa kwa Rais, kisha taarifa hufikishwa bungeni. Hesabu za halmashauri huchambuliwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Karibu zaidi na mwananchi, Serikali ya Kijiji inatakiwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofanyika kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano huo hauna kiingilio wala hauhitaji shahada ya uchumi. Unahitaji mwananchi anayefika, anayesikiliza na anayeuliza fedha zilizopokelewa ni kiasi gani, zimefanya kazi gani na zimebaki ngapi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mkoa ulioongeza zaidi ya watu laki tano katika miaka 10, kukosekana kwa sauti hizo mkutanoni kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtoto anayekaa sakafuni darasani.